Elimu Isiyojaza Ghala

Mwezi wa Aprili, mpunga wa Kakese unapoanza kuinamisha vichwa, mkulima hapati usingizi wa usiku mzima. Mchana hufukuza ndege. Usiku hukaa katika dungu akisikiliza nyayo za nguruwe mwitu. Kakese ni kata ya wakulima wa mpunga na mahindi, nje ya mji wa Mpanda, katika mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Taa za mji hazijaweza kulishinda giza la mashamba yake, na kwa sababu hiyo mlinzi wa mpunga anacho bure kitu ambacho wakazi wa miji mikubwa ya dunia wamekwisha kukipoteza, nacho ni mbingu kamili.

Na ichukuliwe kuwa usiku mmoja binti yake, aliyerudi likizo kutoka shule ya sekondari, apanda dunguni na kuketi kando yake. Aonyesha upande wa magharibi, karibu na pembe za buruji ya Ng'ombe, akisema, "Baba, pale pana nyota iliyokufa. Haionekani kwa macho, lakini yazunguka mara 30 katika kila sekunde." Baba afikiri kidogo, kisha auliza swali ambalo watu wenye kazi huuliza siku zote: "Mwanangu, hayo yatatufaa nini?"

Aghalabu wenye elimu hulipuuza swali hili. Hulihesabu kuwa alama ya ujinga, wakacheka kwa upole na kugeuza mazungumzo. Kufanya hivyo ni kumkosea mkulima heshima mara mbili, kwa kuwa swali lake ni swali la hakimu. Mtu ambaye mwaka wake mzima hupimwa kwa magunia ana haki ya kupima kila kitu kiletwacho mlangoni kwake kwa kipimo hicho hicho. Likijibiwa vibaya, hasara itampata binti: kesho atachagua masomo, na wako wengi karibu naye walio tayari kumwambia kuwa mbingu si mambo ya mtu wa Kakese.

Lakini kabla ya kupima kitu, sharti kijulikane.

Nyota kubwa, yenye maada inayozidi ile ya jua mara nane au zaidi, huishi kwa kuchoma kuni zilizo ndani yake. Kuni zikiisha, kiini chake hakina tena cha kukitegemeza, nacho huporomoka chenyewe kwa muda usiofika sekunde moja. Tabaka za nje hutupwa mbali kwa mlipuko mkubwa. Kinachobaki ni tufe lenye upana wa kilomita 20 hadi 25 hivi, mwendo ambao mtu wa Mpanda huumaliza kwa baiskeli kabla ya chakula cha mchana. Walakini maada iliyomo ndani yake hushinda ile ya jua zima. Kijiko kimoja cha chai cha maada hiyo, kama kingaliweza kuletwa duniani, kingalikuwa na uzito wa zaidi ya tani bilioni moja. Karibu chembe zake zote ni nyutroni, zile chembe za atomu zisizo na chaji ya umeme, na ndiyo maana ikaitwa nyota ya nyutroni.

Kwa nini izunguke upesi namna ile? Mtoto wa kijijini aweza kulionyesha jambo hili kwa bua la jani la mpapai. Hupitisha kamba katika tundu la bua, hufunga kijiwe kwenye ncha ya juu, hukizungusha hewani, kisha huivuta kamba kwa chini. Kadiri duara la kijiwe linavyofupika ndivyo kinavyozidi kwenda mbio, ingawa hapana mkono uliokisukuma mbele. Kiini cha nyota kilikuwa na upana wa maelfu ya kilomita na kilizunguka kwa taratibu. Kiliponywea hadi makumi ya kilomita, mzunguko wake wa zamani ulibaki nacho, ukalazimika kuwa wa kasi. Nyota aliyoitaja binti imo katika wingu liitwalo Kaa, mabaki ya mlipuko ambao wanajimu wa China waliuona na kuuandika mwaka 1054. Ipo nyingine, iliyogunduliwa mwaka 2004, izungukayo mara 716 kwa sekunde. Lakini hiyo haikuipata kasi yote kwa kunywea, bali iliongezewa baadaye na gesi iliyoanguka juu yake kutoka kwa nyota mwenziwe.

Nguvu ya sumaku nayo ina mfano wake shambani. Mabua ya mpunga yaliyotawanyika katika ekari nzima hayamzuii mtu kupita. Yakikusanywa yakafungwa mganda mmoja, hayapenyi hata mkono. Idadi ya mabua ni ile ile, ila yamesongamana. Mistari ya nguvu ya sumaku hushikamana na gesi ya nyota yenye umeme, haiwezi kuiacha. Gesi inapobanwa, mistari hubanwa pamoja nayo. Sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira, haifiki gausi 1. Nyota ya nyutroni ya kawaida ina gausi kama trilioni moja. Zipo na chache ziitwazo magneta ambazo huzidi kiasi hicho mara 100 hadi mara 1,000. Tarehe 27 Desemba 2004 mojawapo ya hizo ilifoka mionzi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Na ingawa iko mbali kwa makumi ya maelfu ya miaka-nuru, mionzi yake ilifika ikavuruga tabaka za juu za hewa ya dunia. Hapana mlinzi wa mpunga aliyeamshwa na jambo hilo, wala mfalme.

Ncha za sumaku katika nyota kama hizi haziko mahali pamoja na ncha za mzunguko. Kwa hiyo mionzi inayotoka huko huzungushwa angani kama kurunzi ya mlinzi anayegeuka pande zote, na yeye aliye mbali huona mmweko, giza, mmweko, giza. Sumaku hiyo hiyo ni breki. Kila mzunguko hulipiwa, na nyota hupunguza mwendo: ile ya Kaa huchelewa kwa kiasi kidogo mno kila siku, hata ikipita miaka 100 mzunguko wake mmoja huwa umerefuka kwa sehemu kama moja ya elfu ya sekunde. Kilichopotea katika mwendo ndicho kinachoonekana katika nuru, kwa kuwa wingu la Kaa lawaka kwa matumizi ya akiba ya maiti iliyo katikati yake.

Hayo ndiyo yanayopimwa. Mtu aweza kudhani kuwa ni mambo yaliyopatikana mbali sana na nchi za Waswahili, na kwamba mkulima wa Katavi anayapokea kama mgeni apokeavyo habari za harusi ya watu asiowajua. Historia yasema vingine. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma ndani ya bahari karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitalia, roketi na chombo vilikuwa vya Wamarekani, na bahari ilikuwa ya Waswahili. Mahali pale palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na mstari wa ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi zaidi. Marjorie Townsend, bibi aliyeisimamia kazi ile kwa upande wa Marekani, akakipa chombo jina la Uhuru, kwa heshima ya siku na ya wenyeji.

Uhuru hakikufika kilo 150. Kilijizungusha polepole kikipekua mbingu kwa eksirei, mionzi isiyoweza kuipenya hewa ya dunia hata ikafika chini. Katika miaka ya 1971 na 1972 kikatambulisha nyota ya Centaurus X-3 ikimweka kila baada ya sekunde 4.8, na Hercules X-1 kila baada ya sekunde 1.24. Ikafahamika kuwa hizo ni nyota za nyutroni zilizofungamana na nyota za kawaida. Gesi ya mwenzi huvutwa, hudakwa na nguvu ya sumaku, na kumiminwa juu ya ncha zake mbili tu, mithili ya nafaka inayoelekezwa katika tundu la jiwe la kusagia; ikigonga pale huwaka kwa joto la mamilioni ya digrii. Mwaka 1976 wanasayansi wa Ujerumani waliipima Hercules X-1 hiyo hiyo kwa vyombo vilivyobebwa na puto, na kwa mara ya kwanza nguvu ya sumaku ya nyota ya nyutroni ikasomwa katika mionzi yake yenyewe: gausi trilioni kadhaa. Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wataalamu wa Uhuru, alipata Nishani ya Nobel mwaka 2002. Chombo chenyewe kilinyamaza mwaka 1973, kikaanguka na kuungua hewani mwaka 1979.

Basi neno la Kiswahili limo katika msingi wa elimu hii, na orodha ya mwisho ya Uhuru, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei. Jina lile lilitolewa kwa adabu njema, na aliyelitoa anastahili shukrani. Lakini adabu si fungu. Mgeni akimpa mwanawe jina la mwenye nyumba, amemheshimu mwenye nyumba, hajamgawia urithi. Pwani ilitoa mahali, siku na jina. Kusoma yaliyoandikwa na chombo kulifanywa ng'ambo. Mtu akiuliza ni wanafunzi wangapi wa Lamu au wa Malindi walioketishwa mbele ya karatasi zile wakafundishwa kuzisoma, hafanyi utovu wa shukrani. Auliza tu swali la mkulima kwa namna nyingine: si yatafaa nini, bali yatamfaa nani.

Na watu wa Mpanda walilijua swali hili la pili kabla ya chombo chochote kuruka. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi. Elimu iliyoyaona madini yale chini ya ardhi ilikuwa elimu ya manufaa, wala hapana aliyeuliza yafaa nini. Bei yake ilijulikana. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Risasi ilikwenda ilikokwenda, ikabaki reli, ambayo ni kitu, na yakabaki mashimo. Kwa hiyo wanaosema kuwa mtu maskini afundishwe elimu ya manufaa peke yake wangefanya vema kueleza kwanza ni manufaa ya nani. Maana ghala laweza kubaki tupu mbele ya elimu yenye faida kubwa kama linavyobaki tupu mbele ya elimu ya nyota.

Watetezi wa nyota nao wana jibu la haraka, nalo ni jibu la dhahabu. Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vya Marekani na Italia vilihisi mtikisiko uliotoka katika nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa miaka-nuru milioni 130. Nuru iliyofuata ilionyesha kuwa katika mgongano wa namna hiyo huzaliwa vitu vizito, na wataalamu wengi huamini kuwa sehemu kubwa ya dhahabu iliyoko ulimwenguni ilitokana na migongano kama hiyo, iliyotokea kabla ya jua kuwako. Katika ardhi ya Mpanda wamo wachimbaji wadogo wanaosaga mawe na kuosha mchanga kutafuta chembe za manjano. Je, hapo si pameonekana faida? La. Habari hii ni ya ajabu, na yafaa mchimbaji aijue. Lakini haitamwongezea chembe moja katika karai lake, na kumwambia kwamba kwa sababu ya dhahabu aipende elimu ya nyota ni kumhadaa kwa bei isiyokuwapo. Kadhalika hadaa ile nyingine, kwamba kila elimu isiyo na faida leo itakuwa na faida kesho. Nyingine itakuwa, nyingine haitakuwa. Elimu ya mzunguko wa Hercules X-1 yamkini haitapunguza bei ya mbolea milele.

Ikiwa ni hivyo, jibu la kweli kwa baba aliye dunguni ni kwamba hayo hayatamfaa kitu, kwa maana aliyoikusudia. Lisemwe waziwazi. Kisha na litazamwe jambo moja ambalo baba mwenyewe hakulitazama. Anajua majina ya babu zake kwa vizazi vingi, na vizazi hivyo havivuni. Anajua nyimbo ambazo haziiti mvua. Katika Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi iitwayo kwa jina hilo, uko mkwaju unaoheshimiwa kuwa makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa kale, na watu hufika chini yake kuweka sadaka. Hapana aliyewahi kuhesabu mkwaju ule huzaa magunia mangapi ili kuamua kama habari za Katabi zisimuliwe au zisisimuliwe. Mkulima wa Kakese, kama mtu yeyote, tayari ni tajiri wa elimu isiyojaza ghala, na ukimnyang'anya hiyo ukamwachia ya mbegu na mbolea peke yake, utakuwa umemwacha na tumbo na mikono.

Hapa ndipo haki na dhuluma hutengana. Swali la manufaa ni halali kabisa likitoka katika kinywa cha mkulima juu ya jasho lake. Serikali ikimtoza shilingi kwa ajili ya darubini huku zahanati yake haina dawa, anayo haki ya kukataa, na hapana uzuri wa nyota utakaomnyamazisha. Lakini swali hilo hilo likitoka katika kinywa cha mwingine anayejifanya kumsemea, afisa, mfadhili au mwalimu aliyechoka, asemaye kuwa watoto wa mashamba hawahitaji kujua habari za mbingu kwa kuwa wazazi wao ni maskini, limegeuka. Msemaji huyo ameshiba elimu ya kila namna, yenye faida na isiyo na faida, na sasa amfungia mwenziwe mlango kwa kisingizio cha kumhurumia. Mtu aweza kuikataa karamu kwa kuwa ana kazi. Hiyo ni hiari yake. Akikataliwa karamuni kwa sababu nguo zake zina tope, lile ni jambo jingine, hata kama chakula ni kile kile ambacho asingekila.

Habari ya bibi mwingine yahusika hapa. Nyota hizi ziligunduliwa kwanza mwaka 1967 na Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge aliyezaliwa Ireland ya Kaskazini. Darubini yake haikuwa kioo wala mnara. Ilikuwa shamba la ekari nne na nusu lililopandwa nguzo na nyaya, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopigilia nguzo zile kwa nyundo. Kila siku mashine ilitoa karatasi yenye urefu wa mita 30 hivi, naye aliisoma kwa jicho, kama mtu apepetaye mchele akitafuta chuya. Akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine, akakataa kuiita uchafu. Ilikuwa nyota ikimweka kila baada ya sekunde 1.337. Nishani ya Nobel ya mwaka 1974 ilikwenda kwa mkuu wake, Antony Hewish, na kwa Martin Ryle, yeye hakutajwa. Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, akaitoa yote iwasomeshe fizikia wale ambao kwa kawaida hawaonekani katika madarasa yake, wanawake, wakimbizi na watu wa jamii chache. Hakuwauliza kwanza watayafanyia nini. Yeye aliyepitwa na karamu alijua thamani ya mlango kuliko waliokaa ndani.

Katika Afrika milango imeanza kufunguliwa, ingawa si yote. Darubini 64 za MeerKAT, zilizozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2018, zimegundua nyota nyingi za namna hii, na miongoni mwa wanaozisoma wamo vijana wa bara lenyewe. Kati ya Kakese na darubini hizo ni safari ndefu, yenye mitihani, ada na walimu wachache wa fizikia, na hapana hekima katika kuificha. Binti huenda asifike. Huenda akawa muuguzi, au akarudi katika mpunga. Hata hivyo usiku ule, dunguni, alikwisha kuijua nyota ya Kaa, na lile halirudishwi.

Baba naye hajamaliza. Jibu la kwamba haitatufaa kitu amelipokea bila kukasirika, kwa kuwa lilikuwa jibu la kweli, na mtu aliyeambiwa kweli hupata nafasi ya kuuliza la pili. Amejifunika shuka, ametazama kule magharibi ambako hapaonekani kitu, na sasa ataka kujua kama ile nyota itazunguka hivyo milele. Binti amwambia kuwa haitazunguka hivyo milele. Sumaku yake inaikokota; itazidi kuchelewa kwa mamilioni ya miaka, mpaka mimweko ikatike, nayo itabaki pale pale gizani, nzito kama ilivyo, ikigeuka polepole pasipo mtu wa kuihisi.

"Kumbe nayo huchoka," asema baba.

Majani yametikisika upande wa bondeni. Baba achukua kurunzi, binti achukua debe la kupiga, na wote wawili washuka.